Kutafuta nyaraka za kale mtandaoni: mwongozo wa anayeanza, tukimfuata Mtwa Mkwawa

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Nimeandika Mkwawa kwenye Google, nimepata habari moja iliyonakiliwa mara ishirini. Nyaraka zenyewe ziko wapi?" Mwalimu wa sekondari: "Ripoti nimeipata, lakini ni ya Kijerumani na herufi zake zimenishinda." Kijana anayefuatilia ukoo wake: "Kila nikibofya naambiwa nilipe." Nimekuwa nikijibu kwa vipande kwenye WhatsApp. Leo nayaweka majibu mahali pamoja, ili hata asiyewahi kufungua hifadhi ya nyaraka aweze kuanza jioni hii.

Mfano wetu ni Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani. Nimemchagua kwa kuwa habari zake zimetawanyika katika kila aina ya hifadhi. Majalada yako Berlin, London na Dar es Salaam, na jina lake limo ndani ya mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza. Ukishaweza kumfuata yeye, utaweza kufuata chifu wa kwenu, misheni ya kijijini kwenu, reli au shamba la mkonge, kwa njia ileile.

KABLA HUJAANZA

Uwe na vitu hivi:

Swali moja jembamba. "Historia ya Wahehe" ni somo la miaka mitano. "Fuvu la Mkwawa lilirudi vipi Kalenga?" ni swali. Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Tarehe tatu au nne za uhakika. Kwa Mkwawa chukua hizi: 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kiliangamizwa Lugalo. 30 Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilitekwa. 19 Julai 1898, Mkwawa alijiua kuliko kukamatwa, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. 19 Juni 1954, gavana Edward Twining alikabidhi fuvu Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Tarehe ndizo zitakazokuambia ufungue juzuu gani.

Daftari la utafutaji, la karatasi au la kompyuta, lenye safu tano: tarehe, nilipotafuta, neno nililotumia, nilichopata, namba ya jalada. Usilidharau. Bila daftari utarudia utafutaji uleule mara nne na bado utasema hakuna kitu.

Simu inatosha kuanzia, ila kompyuta ni bora ukifika kwenye mwandiko wa mkono. Uwe na barua pepe inayofanya kazi, maana hifadhi nyingi zinataka ufungue akaunti ya bure. Na bando: kitabu kimoja kilichopigwa picha kinaweza kula MB 50 au zaidi. Nitakuonyesha namna ya kukwepa gharama hiyo.

Kijerumani si lazima ukijue. Maneno kumi yatakutosha kuingia.

Jambo moja la kuelewa kwanza: katalogi na waraka ni vitu viwili tofauti. Katalogi inakuambia kwamba jalada lipo, linaitwa hivi na namba yake ni hii. Jalada lenyewe huenda limepigwa picha, huenda bado limo kwenye boksi huko liliko. Wanaoanza wengi hukata tamaa hapa, kwa kuona jina la jalada halafu wakakosa picha. Namba tu tayari ni mali. Iandike.

HATUA YA 1: Tengeneza orodha ya tahajia

Hapa ndipo kazi yote inapofanikiwa au kufa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kompyuta haijui kwamba Mkwawa na Quawa ni mtu mmoja. Wajerumani waliandika walivyosikia, kwa kanuni za lugha yao, na kila ofisa na sikio lake. Kwa jina hili tafuta: Mkwawa, Quawa, Kwawa, Mkwaua, Muakwawa. Watu wake ni Wahehe au Hehe, nchi yao Uhehe. Lugalo utaikuta Rugaro. Ngome ya Kalenga katika ripoti za 1894 imeandikwa Kuirenga. Anayeandika "Kalenga 1894" peke yake atazikosa kurasa zinazoieleza siku ile.

Kwa majina mengine, shika kanuni hizi za Kijerumani cha wakati ule:

y huandikwa j: Bagamoyo ni Bagamojo.
z huandikwa s: Zanzibar ni Sansibar, Unyamwezi ni Unjamwesi.
w ndani ya neno huweza kuwa u: Mwanza ni Muansa.
j huandikwa dsch, na wakati mwingine ch nayo huandikwa hivyo: Ujiji ni Udschidschi, Chaga ni Dschagga.
s mwanzoni mwa neno huweza kuandikwa mara mbili: Songea ni Ssongea.
Dar es Salaam hushikanishwa: Daressalam.

Tena kuna miji iliyobadilishwa jina kabisa. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ilikuwa Bismarckburg. Kama babu yako alikuwa askari "Bismarckburg", usimtafute Ulaya.

Andika tahajia zote ukurasa wa pili wa daftari, kisha chini yake majina ya maofisa waliohusika. Kwa Uhehe anza na Zelewski na Tom von Prince. Mara nyingi ripoti imeorodheshwa kwa jina la aliyeiandika, huku Mkwawa akitajwa ndani tu.

HATUA YA 2: Fanya mazoezi kwa waraka mmoja mfupi

Kabla ya kuzama, soma Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini 28 Juni 1919. Andika "Treaty of Versailles Article 246" na utaipata bure, imechapwa upya kwa herufi safi. Ni aya fupi. Inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, irudishe kwa Mfalme wa Hijazi Kurani ya Khalifa Othman, na katika muda huohuo ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la "Sultan Mkwawa".

Sasa isome tena ukiwa na kalamu. Anayekabidhiwa ni nani? Ni serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawakutajwa kama wapokeaji. Anaitwa nani? Sultan, cheo ambacho Wazungu waliwabandika watawala wengi wa bara, ilhali kwao ni Mtwa. Muda ni upi? Miezi sita. Mkataba ulianza kutumika 10 Januari 1920, na fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Hapo umeshapata swali la utafiti: miaka hiyo 34 ilikwenda wapi? Nyaraka utakazotafuta katika hatua zinazofuata ndizo zinazolijibu.

Kila waraka utakaoupata usome hivi: nani anaandika, anamwandikia nani, anamwitaje anayemzungumzia, na tarehe ni ipi.

HATUA YA 3: Anza na watafiti waliokutangulia

Wengi hukimbilia majalada moja kwa moja. Ni kosa. Mtafiti mzuri ameshakaa miaka ndani ya hifadhi, na tanbihi zake zimejaa namba za majalada unayoyahitaji.

Kwa Mkwawa anza na makala mbili. Ya Alison Redmayne kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe imo katika Journal of African History ya mwaka 1968. Aliishi na kufanya utafiti Uhehe, na alisikiliza wazee. Ya pili ni ya mwaka 2020, ya Bettina Brockmeyer, Frank Edward na Holger Stoecker, katika Journal of Modern European History, nayo inafuatilia safari ya fuvu na maswali yaliyobaki juu yake.

Ya Redmayne ipo JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida, ambako ukifungua akaunti ya bure unaruhusiwa kusoma mtandaoni idadi fulani ya makala kila mwezi bila kulipa. Kwa majarida ya Afrika pitia African Journals Online, ambako mengi ni ya bure. Anayetafuta lugha na fasihi ya Kiswahili aende Swahili Forum, linalosomwa bure.

Ukifungua makala, shuka kwanza kwenye tanbihi. Nakili kila namba inayoanza na R 1001 (Berlin), CO (London) au G (Dar es Salaam). Hizo ndizo anwani za nyaraka.

HATUA YA 4: Vitabu na majarida yaliyochapwa

Fungua Internet Archive, yaani archive.org. Vitabu vya zamani vya Wajerumani vingi vimo. Tom von Prince alichapisha kumbukumbu zake za vita mwaka 1914. Mkewe Magdalene, aliyeishi Iringa wakati Mkwawa akiwindwa, alichapisha shajara yake mwaka 1903. Tafuta kwa jina la mwandishi. Pia tafuta Deutsches Kolonialblatt, gazeti rasmi la serikali ya makoloni lililoanza kutoka 1890. Ripoti za maofisa zilichapwa humo, kwa hiyo fungua majuzuu ya 1891, 1894 na 1898 kwa kufuata tarehe zako.

Hapa ndipo bando linapookolewa. Upande wa chaguo za kupakua kuna PDF, na kuna faili la maandishi matupu, TXT. Kitabu cha kurasa mia nne katika TXT hakizidi MB moja au mbili. Pakua hilo kwanza, tafuta humo tahajia zako, andika kurasa zenye majibu, kisha rudi mtandaoni ufungue picha za kurasa hizo chache tu.

Tahadhari kubwa: maandishi hayo yamesomwa na mashine, na vitabu vingi vya wakati ule vilichapwa kwa herufi za kale za Kijerumani zinazoitwa Fraktur. Mashine hukosea. Katika Fraktur, s ya katikati ya neno hufanana na f. K kubwa hufanana na R kubwa. n na u ni kama mapacha, na h ndogo huweza kusomwa b. Kwa hiyo "Wahehe" huweza kugeuka "Wabebe", "Quawa" ikawa "Qnawa", na "Kuirenga" ikawa "Ruirenga". Ongeza makosa haya kwenye orodha ya tahajia na uyatafute kama majina halali. Ukikosa kabisa, tafuta neno la jirani, kwa mfano "Zelewski" au "Iringa", usome kurasa zinazolizunguka.

Maneno ya Kijerumani ya kuanzia: Bericht ni ripoti, Gefecht ni mapigano, Aufstand ni uasi, Schädel ni fuvu, Häuptling ni chifu, Schutztruppe ni jeshi la koloni, Belohnung ni zawadi kwa atakayefanikisha jambo, Unterwerfung ni kusalimu amri, Abschrift ni nakala, Blatt ni jani. Neno "Aufstand" litumie kwenye kisanduku cha kutafutia, lisiingie kwenye maandishi yako bila kufikiriwa. Mtu anayelinda nchi yake dhidi ya mgeni aliyekuja juzi anamwasi nani?

HATUA YA 5: Majalada ya Berlin

Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ina mfumo wa kutafutia unaoitwa invenio. Majalada ya Wizara ya Makoloni yako katika kundi la R 1001, na sehemu kubwa imepigwa picha. Fuata hivi:

1. Ingia invenio, tafuta kundi R 1001.
2. Shuka kwenye Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Usiandike jina la Mkwawa kwanza. Pitia majina ya majalada kwa macho. Mengi yameitwa kwa mada pana kama safari za kijeshi au utawala wa wilaya, na yeye yumo ndani.
3. Linganisha na namba ulizonakili kwenye tanbihi za watafiti.
4. Lenye alama ya picha lifungue, pitia picha ndogondogo za kurasa kwanza, kisha kuza unayoitaka.

Ukifungua jalada la mwandiko wa mkono utashtuka. Mwandiko huo unaitwa Kurrent, na hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Usifunge. Angalia tena ukurasa: makarani walikuwa na desturi ya kuandika majina ya kigeni kwa herufi za kawaida za Kirumi, katikati ya mwandiko wao wa mawimbi. Maana yake Quawa, Uhehe na Iringa mara nyingi yatajitokeza yenyewe, yakisomeka kama umeyaandika wewe. Pitisha macho ukitafuta hayo tu. Ukiyapata, ukurasa huo ndio wa kushughulikia.

Baada ya hapo jifunze herufi tatu: e ya Kurrent inaonekana kama n, u huwekewa kijipinde juu yake, na h ina kitanzi juu na kingine chini. Kwa hizo tatu, maneno mafupi yanaanza kufunguka. Ipo pia programu ya Transkribus inayosoma miandiko ya kale. Inakupa kiasi fulani bure, na kurasa kumi ulizochagua kwa uangalifu zina faida kuliko mia mbili ulizozirusha ovyo.

Makosa mawili yanayorudiwa sana hapa. La kwanza ni tarehe. Barua ina tarehe iliyoandikwa na mwandishi, na ina muhuri wa kupokelewa Berlin, wiki kadhaa baadaye kwa sababu ya safari ya meli. Ukiichukua ya muhuri, barua itaonekana imeandikwa wiki kadhaa baada ya siku yake, na haitalingana na matukio mengine. La pili ni namba za kurasa. Majalada haya huhesabiwa kwa jani, si kwa ukurasa, na jani lina mbele na nyuma. Andika "jani la 14, nyuma". Atakayekufuata atakushukuru.

HATUA YA 6: London na Dar es Salaam

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika Tanganyika, na barua zao zimo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Katalogi yao inaitwa Discovery na ni bure. Mawasiliano ya Tanganyika yako katika CO 691, ambayo inaishia 1951. Kwa hiyo habari za kurudishwa kwa fuvu mwaka 1954 usizitafute humo. Nenda CO 822, ya Afrika Mashariki kwa jumla. Majalada mengi ya makundi haya hutayaona mtandaoni, utaona majina na namba tu. Kuna huduma ya kuagiza nakala kwa malipo, na kuna njia ya kumwomba Mtanzania anayesoma huko akupigie picha kwa simu. Mpe namba kamili, si mada.

Usiisahau hifadhi yetu wenyewe. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki nchini, yenye namba zinazoanza na G, na orodha yake ilichapwa kule Marburg mwaka 1973. Ina pia majalada ya Waingereza. Kilichoandikwa na boma kwenda kwa gavana huweza kuwa Dar hata kama Berlin hakipo. Hapa ni kwenda kwa miguu: uliza masharti mapema, nenda na barua ya utambulisho ya chuo au shule, kitambulisho, kalamu ya risasi na orodha ya namba.

Tahadhari inayoniumiza kila ninapoiona kwenye kazi za wanafunzi: kifupisho TNA hutumika kwa hifadhi ya Tanzania na pia kwa ile ya Kew. Ukiandika "TNA" peke yake, msomaji hajui apande ndege au daladala. Andika mji.

HATUA YA 7: Picha

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki. Tafuta kwa tahajia zako zote.

Maelezo chini ya picha aliyaandika mpiga picha au aliyeinunua. "Mpiganaji wa Kihehe" huenda ni kibarua aliyeshikishwa mkuki. Kwa hiyo nakili maelezo kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, na ya kwako yaandike pembeni. Na kama ni picha ya maiti, ya mtu aliyefungwa minyororo au ya mabaki ya binadamu, usiirushe kwenye magrupu. Huyo ni babu wa mtu.

HATUA YA 8: Hifadhi ulichopata siku hiyohiyo

Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa miezi mingi huduma zake nyingi za mtandaoni hazikupatikana. Humo ndimo ulimo Mpango wa Hifadhi Zilizo Hatarini (Endangered Archives Programme), ambao miongoni mwa kazi zake ulipiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Aliyekuwa amepakua aliendelea na kazi yake. Aliyeweka kiungo tu alisubiri.

Kwa hiyo pakua, kisha lipe faili jina linalojieleza: hifadhi, namba ya jalada, jani, tarehe. Siyo "IMG_4471". Weka nakala mahali pawili. Kwenye daftari andika chanzo kamili: mji, hifadhi, namba, jani, tarehe ya waraka, na siku uliyoiona. Kiungo kiwe nyongeza tu.

(Kama unachotafuta ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi, barua na nasaba, hatua ni hizihizi ila mlango ni mwingine: anza na miswada ya Lamu niliyoitaja na mikusanyo ya chuo cha SOAS, London. Tafuta kwa jina la mji, la mtunzi na la aliyekusanya.)

UKIKWAMA

Natafuta, hakuna matokeo hata moja. Punguza maneno hadi moja. Ondoa mwaka. Badili tahajia. Kisha tafuta jina la ofisa au la mahali pa jirani.

Matokeo ni maelfu. Weka neno ndani ya alama za kunukuu, kisha ubane miaka. Kwa Lugalo, 1891 hadi 1892 inatosha.

Kitabu nakiona kwenye HathiTrust, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, lakini hakifunguki. Baadhi ya vitabu humo hufunguka kwa walio Marekani tu, kwa sababu ya tofauti za sheria ya hakimiliki. Kitafute kilekile Internet Archive, au kwenye maktaba za Ujerumani.

Makala inataka dola thelathini. Usilipe. Nakili kichwa chake chote, kitafute pamoja na jina la chuo cha mwandishi. Mara nyingi nakala ya bure ipo. Ikikosekana, mwandikie mwandishi mwenyewe sentensi tatu: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba nakala ya makala gani. Watafiti wengi hufurahi kusomwa kule walikofanyia utafiti.

Programu ya tafsiri inanipa upuuzi. Shida si programu, ni maandishi uliyoilisha. Rekebisha kwanza makosa ya Fraktur kwa kulinganisha na picha, hasa f na s, kisha ilishe sentensi moja moja. Sentensi za ofisi za Kijerumani ni ndefu kama treni. Zikate kwenye nukta mkato.

Vyanzo viwili vinapingana. Idadi ya waliokufa Lugalo, kwa mfano, hutofautiana kutoka chanzo hadi chanzo. Usichague inayokupendeza wala usitafute wastani. Andika zote, na mbele ya kila moja andika nani kasema, alikuwa wapi siku ile, na aliandika baada ya muda gani.

Wazee wa Kalenga wanasema tofauti na jalada. Hilo ni pato, usilifiche. Printi ukurasa husika steshenari, nenda nao, uwasomee tafsiri yake kwa Kiswahili, na kwa Kihehe kama yupo wa kukusaidia. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Andika jina la msemaji kama ameridhia, nani alimsimulia yeye, na siku. Kisha rudi kwenye jalada na jina jipya la mlima, mto au mtu ambalo hukuwa nalo kwenye orodha yako ya tahajia, ulitafute upya kuanzia hatua ya 1.